Kuku wa Shukrani

Pale mtaa wa Kongo, Kawangware, kila mtu alikuwa na kazi inayoeleweka. Huyu fundi wa viatu, yule anauza makaa, mwingine anasukuma mkokoteni. Phanuel Shivachi alikuwa mfugaji wa bakteria. Watu walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Mwenye ploti ya nyumba za kupanga, Mzee Kihara, ambaye kwa kawaida hakutoa meno nje ovyo, alimsimamisha langoni kila asubuhi kumuuliza kama mifugo wake wameamka salama, kama kuna aliyezaa mapacha, na kama mtu akitaka maziwa yao aje na chombo gani. Phanuel alijibu kwa adabu, akafunga kifungo cha juu cha shati, akashika njia ya Kileleshwa kwenda kazini. Ndivyo alivyokuwa. Hata jua liwake namna gani, kifungo cha juu hakifunguliwi.

Kazi yake ilikuwa katika maabara ya chuo kimoja mjini. Aliingia huko akiwa mfagiaji wakati bendera ya nchi ilikuwa bado mpya, akawa muosha chupa, na mwishowe akakabidhiwa kupika mchuzi wanaokula bakteria. Ndiyo, bakteria hula, tena wana ubaguzi wa chakula kushinda mabwana harusi. Mchuzi wao unachemshwa ndani ya sufuria kubwa ya presha mpaka kisibaki kiumbe hai humo, unapozwa, halafu ndipo unatiwa mbegu ya bakteria wale tu wanaotakiwa. Kisha chupa inawekwa juu ya mashine inayoitikisa kutwa kucha ili waliomo wapate hewa. Phanuel aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Kageha. Binti yao, Kavetsa, alisoma akiishi kwa nyanyake Maragoli, kwa hiyo wao wawili waliitana Baba Kavetsa na Mama Kavetsa, na majina yao wenyewe yakakaa bila kutumika. Kageha aliuza mboga za kienyeji sokoni, mrenda na kunde na saga. Jumapili alivaa kanzu nyeupe ya kanisa lao, akafunga kitambaa cheupe kichwani, akatembea na wenzake nyuma ya ngoma mpaka Soweto kule Kibera, walikojenga kanisa la mabati. Kanisa lile lilikuwa na masharti yake. Pombe hapana, sigara hapana, na nguruwe hapana kabisa, hata sufuria iliyowahi kumpika isivuke kizingiti.

Kuna watu ambao masharti huwalemea. Kageha yalimwinua. Mtoto wake wa pili alizaliwa akiwa amekwisha kufa, na baada ya hapo alilala akitazama ukuta, hataki chakula, hataki salamu, mpaka wanawake wa kanisa walipokuja wakamwogesha na kumvika nyeupe. Tangu siku ile aliamini kwamba usafi wake ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu angeweza kumnyang'anya. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wangemwaga mboga zake mtaroni, mteja angempunja, lakini huo ulikuwa wake.

Mimba ile ile ndiyo iliyomwachia ugonjwa wa sukari. Haukuwa wa kuua haraka, ulikuwa wa kula mtu polepole. Kila asubuhi alijidunga insulini aliyopewa kliniki, na chupa yenyewe aliitunza ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, maana dawa ile haipendi joto na nyumba ya mabati haina huruma. Alikuwa mzima wa kutosha, anacheka, anabishana na wateja mpaka jioni. Asiyejua asingejua.

Mwaka wa themanini na tatu akaja Daktari Wagaki. Alikuwa mwanamke kijana aliyetoka masomoni ng'ambo, mwembamba, mwenye kuongea haraka, asiyekumbuka kula mpaka akumbushwe. Alikuja na bakteria wake ndani ya vichupa vidogo. Bakteria hao walikuwa wametiwa kitu ambacho hawakuzaliwa nacho: maagizo ya kutengeneza insulini, yaliyonakiliwa kutoka kwa binadamu. Wakiamshwa kwa sukari fulani, wanaanza kuitengeneza kana kwamba ni protini yao wenyewe. Huko ng'ambo, Daktari alieleza, dawa ya namna hiyo imeanza kuuzwa. Yeye alitaka jambo dogo zaidi, kujua jinsi ya kuwafanya watoe nyingi kwa vifaa vya hapa hapa, ili wanafunzi wajifunze.

Phanuel alisikiliza kwa mdomo wazi. Insulini! Neno hilo alikuwa akiliona kila siku kwenye chupa ya mkewe. Jioni ile alirudi nyumbani miguu haigusi chini, akamkuta Kageha anasonga ugali.

"Mama Kavetsa, unajua sisi sasa tunatengeneza dawa yako?"

"Nyinyi akina nani?"

"Mimi na Daktari. Tumewapatia bakteria hiyo kazi. Wanatoa insulini ya binadamu, safi kabisa."

Kageha akacheka. "Hao wadudu wako? Kwani hii yangu inatolewanga wapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeomba chumvi. Lakini Phanuel alikuwa amejaa elimu mpya hadi shingoni, na elimu ikizidi hivyo lazima imwagike. Akamwambia, tena kwa furaha, kwamba ile ya zamani inatolewa kwenye kongosho za wanyama huko machinjioni. Ng'ombe kidogo, nguruwe zaidi, kwa sababu ya nguruwe ndiyo inayokaribia ya mtu.

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Nguruwe," Kageha akasema.

"Ni dawa tu, si nyama."

"Hii chupa. Hii mimi najidunganga."

Hakupiga kelele. Alipakua chakula cha mumewe, akanawa mikono, akakaa, akainuka akanawa tena. Asubuhi aliitoa chupa kwenye mchanga, akaifunga kwa gazeti, akaitumbukiza chooni.

Phanuel alizunguka maduka ya dawa mjini akitafuta insulini ya ng'ombe peke yake. Kila alipoingia aliambiwa iliyopo ni ya nguruwe au mchanganyiko. Nesi wa kliniki alimgombeza Kageha kama mtoto wa shule. Mwisho Phanuel alikwenda Kibera kumwita mzee wa kanisa, Nalianya, seremala aliyetengeneza vitanda wiki nzima na kuhubiri Jumapili. Nalianya alikuja bila kuchelewa, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi.

"Mama," akasema, "Mungu si mjinga. Anajua nyama na anajua dawa. Kanisa limekuruhusu."

"Asante, mzee. Kanisa limeniruhusu," Kageha akajibu. "Roho yangu bado." Halafu akamgeukia mumewe na kumtazama kwa imani kubwa mno. "Si umesema yenu ni safi? Basi nitangoja hiyo."

Phanuel alitikisa kichwa kukubali. Angefanya nini tena?

Ukweli ni kwamba hiyo aliyoiita yenu ilikuwa karibu hakuna. Chupa nzima ya mchuzi ilitoa kiasi ambacho ukikohoa kinapotea. Bakteria walioamriwa mapema, wangali wachache, walidhoofika kwa kazi ya watu na wakaacha kuzaana. Wengine waliutupa mzigo wa maagizo na kujinenepea tu, wavivu wakubwa wale, mpaka Phanuel akalazimika kutia kwenye mchuzi dawa ya kuwaua wote wasioubeba. Hata wale watiifu walirundika protini ndani ya miili yao ikawa mabonge, na kuyayeyusha mabonge yale bila kuiharibu ilikuwa shughuli ya kumzeesha mtu. Daktari Wagaki alibadilisha joto, akabadilisha chakula, akabadilisha saa ya kuwaamsha. Phanuel alipika mchuzi na kuosha na kupika tena. Siku nyingine, akiwa peke yake, aliinama mbele ya mashine ya kutikisa na kuwafokea.

"Fanyeni haraka nyinyi! Kuna mtu anangoja."

Kwa maana Kageha alikuwa anapungua. Kanzu yake nyeupe ilimpwaya. Kiu haikumwisha, na vidole vya miguu vilikufa ganzi. Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa, mboga zikawa adimu, watu wakala mahindi ya njano ya msaada huku wakiyasema vibaya, na yeye alikwenda sokoni hivyo hivyo, akikaa chini zaidi ya kusimama. Kila jioni aliuliza, "Wanaendeleaje?" Naye Phanuel alijibu, "Inakaribia."

Siku moja alijipiga moyo konde akamuuliza Daktari ni lini itakuwa tayari kwa mgonjwa. Daktari Wagaki alimtazama kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kulifikiria swali.

"Mzee Phanuel, hii si ya kudunga mtu. Hata ikiwa nyingi. Kuna taka za miili ya bakteria ndani yake ambazo hatuna vifaa vya kuzisafisha. Ukimdunga mtu itampandisha homa, inaweza hata kumuua. Kwani ni nani anaitaka?"

"Hakuna," Phanuel akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Kwa nini hakusema? Labda aliona aibu kwamba yeye ndiye aliyeanzisha mambo yale kwa kupenda kwake kueleza. Labda aliogopa kwamba Daktari angemcheka mkewe, na hilo asingelivumilia. Alirudi nyumbani, akaulizwa wanaendeleaje, akasema inakaribia. Na ndiyo maana mtu humwonea huruma na papo hapo akatamani kumtingisha mabega.

Kisha Kageha akaanguka sokoni. Wanawake wenzake walimbeba kwenye mkokoteni wa makaa mpaka nyumbani, midomo imekauka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Phanuel alichukua kadi yake ya kliniki akakimbia. Alimwambia nesi kwamba mgonjwa amekubali, akapewa chupa. Alipofika maabara alichagua kichupa safi chenye kifuniko cha mpira, akakichemsha, akaihamisha dawa ya hospitali humo kwa sindano, tone kwa tone. Akaja nacho nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama Kavetsa. Imefika. Hii ndiyo yetu."

Kageha alifumbua macho. "Ya wale wadudu?"

"Ya wale wadudu."

Akatabasamu, akamnyooshea mkono.

Basi akapona. Zilikuwa siku nzuri, na kusema kweli ndizo siku nzuri za mwisho ambazo nyumba ile iliziona. Kageha alinenepa, akarudia kubishana na wateja. Phanuel alipokwenda kazini Kageha alimwambia, "Wasalimie watoto wako." Kule Soweto alisimama mbele ya kanisa zima katika nyeupe, akashuhudia jinsi Mungu alivyotumia viumbe wasioonekana kumletea dawa isiyo na uchafu, ili asife na asichafuke. Ngoma ikapigwa, watu wakaimba, wanawake wakamzunguka wakimkumbatia. Phanuel alikaa nyuma na kutazama viatu vyake. Kila chupa ya kliniki ilipokuja aliihamisha vile vile, na kila alipofanya hivyo aliapa kwamba hii ndiyo ya mwisho, kesho atasema. Lakini kesho alimkuta anaimba.

Kule maabara nako mambo yakafunguka. Daktari Wagaki aligundua kwamba akiwaacha bakteria wazaane kwanza wawe jeshi, kisha akapunguza joto na kuwalisha kidogo kidogo, ndipo awaamshe, hawadhoofiki, na mabonge yanapungua. Chupa moja ikaanza kutoa kilichokuwa kikitoka kwenye rafu nzima. Siku alipopima na kupima tena, alipiga ukelele hadi wanafunzi wakatoka kwenye vyumba vingine kuja kuona ni nani ameungua. Phanuel alitumwa upesi mtaa wa viwandani kuleta mtungi wa gesi, kwa kuwa sasa kazi haikuwa ya kusimama.

Siku hiyo hiyo ndiyo Kageha aliyoichagua kuja.

Kwao Maragoli huwezi kutendewa wema mkubwa ukanyamaza. Unampelekea mtu kuku, kuku mzima, mwenye afya, unampelekea kwa mikono yako mwenyewe. Kageha alimnunua mtetea mweusi mwenye madoa, akamfuga mwezi mzima hadi akawa mzito, akamfunga miguu kwa kitambaa ili kamba isimkwaruze. Hakumwambia mumewe. Alivaa kanzu yake nyeupe, siku ya kazi, akatembea Kawangware mpaka chuoni na kuku kwapani na unga wa wimbi kichwani, akiuliza njia.

Phanuel aliporudi na mtungi alikuta mtetea mweusi amefungwa kwenye mguu wa meza ya maabara, anadonoa punje sakafuni. Daktari Wagaki alikuwa amesimama tu.

"Mkeo alikuwa hapa," akasema. "Alikuja kunishukuru kwa dawa. Nikafikiri anashukuru kwa ajili ya kazi yako. Nikamwambia mama, bado hakuna mtu hata mmoja aliyedungwa hii. Akaniuliza tena. Nikamjibu vile vile, nilikuwa nacheka, Mzee Phanuel, nilikuwa na furaha, sikujua. Nikataka kumrudishia kuku wake. Akasema hapana, kuku wa shukrani harudishwi."

Phanuel aliweka mtungi chini. Akafungua kifungo cha juu.

Nyumbani alimkuta Kageha ameketi kitandani. Kanzu ilikuwa imevuliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya kiti.

"Ilikuwa ya wapi?" akauliza.

"Ya hospitali."

"Ya nguruwe."

"Ndiyo."

"Na mimi nikasimama mbele ya watu nimevaa hiyo nyeupe."

"Ulikuwa unakufa, Mama Kavetsa! Ningefanya nini?"

"Ungeniomba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee Nalianya aliniruhusu. Nesi alinigombeza. Wewe ukanidanganya. Hakuna mtu hata mmoja aliniomba. Kama ungelia hapa mbele yangu useme Kageha usiniache, unafikiri ningekataa? Ningesema Mungu, tazama, huyu mtu ananililia, nitajibu hii dhambi mimi mwenyewe. Ingekuwa yangu. Lakini hata hiyo umeninyang'anya."

Phanuel akapiga magoti pale pale palipokuwa pamelowa na maji ya chungu cha dawa. Alilia kama ambavyo angepaswa kulia siku ya ugali.

"Kageha, nakuomba. Usiniache."

Alikuwa hajalitamka jina hilo tangu wawe wazazi. Kageha aliweka mkono juu ya kichwa chake, na machozi yakamtoka yeye pia, ila hakubadilika.

"Umechelewa, Baba Kavetsa. Sasa hata ukinipatia maji nitajiuliza ni ya wapi."

Daktari Wagaki alikuja Kawangware na gari lake dogo, akakaa kwenye kigoda, akamsihi kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Kageha alimchemshia chai. Alimwambia hana kinyongo na yeye, kazi yake ni nzuri, aendelee. Nalianya alikuja tena. Kavetsa aliletwa kutoka Maragoli, akalala na mamake kitanda kimoja. Sindano hakuikubali, na nyeupe hakuivaa tena, alisema imeshuhudia uongo. Kageha hakumnyima mumewe chochote, alimpikia, alimwacha amwogeshe, wakati mwingine alimshika mkono bila kusema kitu. Aliaga dunia mvua ndefu zilipoanza, mchana, watu wakiwa kazini.

Walimzika nyumbani Maragoli. Watu walibishana avishwe nini, hadi Mzee Nalianya alipoitoa kanzu kwenye mkoba, akamvika na kumfunga kitambaa yeye mwenyewe, na kusema kwa sauti kwamba hapa hakuna mtu aliye safi kumzidi huyu mama. Phanuel alisikia hayo amesimama mbali.

Daktari hakuweza kumla yule kuku. Alimleta Kawangware, na kwa kuwa harudishwi, akasema anamwacha tu atunzwe. Mtetea akakaa katika ploti, akataga, akaangua. Mzee Kihara hakumsimamisha tena Phanuel langoni kumuuliza habari za mifugo. Alikuwa akimwagia kuku mahindi asubuhi kabla hajaombwa, akiwafukuza kunguru kwa fimbo.

Ufadhili wa kazi ya Daktari Wagaki ulikwisha, naye akaenda kufundisha kwingine. Bakteria waligandishwa kwenye barafu, na Phanuel akarudia kuosha chupa. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni alipoingia siku moja kwenye duka la dawa mjini kutafuta dawa ya kikohozi, akaona ndani ya friji ya kioo kasha jipya. Alivaa miwani, akasoma. Insulini ya binadamu. Akasoma tena.

Msichana wa dukani alimwona amesimama pale kwa muda mrefu.

"Ni ya mgonjwa gani, mzee?"

"Mke wangu."

"Saa hii anatumia gani?"

"Hatumii," Phanuel akasema. "Alisema atangoja hii."

"Haya basi," msichana akasema kwa moyo mwema, akifungua friji. "Mwambie imefika."

Phanuel alimwomba aifunge friji, dawa isipate joto. Desemba alipanda basi la nyumbani, akapalilia kaburi kwa mikono, akaketi kando yake na kumwambia.